Barua ya wazi kwa TCRA na wenzenu: nguo mnaziona, watoto hamuwaoni?

Kwenu Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Kamati yenu ya Maudhui, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na nyie mabosi wenye redio na online tv, mnajijua.

YAH: WATOTO WA MASTAA KUGEUZWA VIPINDI

Wakubwa zangu shikamooni.

Naenda moja kwa moja. Mnafungia vituo kwa nguo, watu wakaitwa polisi kwa busu, ila mtoto ambaye hata meno hayajamtoka akijadiliwa hewani saa nne asubuhi, watangazaji na maiki zao wanabishana baba yake hasa ni nani, pua kachukua wapi, mbona masikio yale sio ya ukoo ule, hapo nyote mnakuwa bize na mambo mengine. Mimi naona kama kuna kitu hapa nchini kinastahili kuitwa maudhui machafu basi ni hicho, paja la msanii jukwaani halifui dafu.

Afu nisieleweke vibaya, umbea sina ugomvi nao. Umbea wa mjini nimeukuta na nitauacha. Enzi za magazeti ya udaku yanabanwa pale stendi ulikuwa unasoma vichwa vya habari bure umesimama mpaka daladala inakuacha, leo ni online tv na kurasa za Insta, mchezo ule ule, kasi tu ndo imeongezeka. Watu wazima wakiamua kuuza mapenzi yao wauze. Aprili 2018 Alikiba kaoa Mombasa, Azam TV wakairusha laivu, tukakaa sebuleni tukaangalia mpaka mwisho, nani kaumia pale? Wamekubaliana, kamera zimealikwa, pilau imeliwa, yameisha. Zuchu na Diamond wametuzungusha miaka na ile "ni wapenzi, sio wapenzi, wameachana, wamerudiana" na bado tulikuwa tunafungua simu kuangalia kipya. Sawa tu, hao ni watu wazima, wana mameneja na wanasheria, wakichoka wanajua pa kwenda. Mtoto hana meneja.

Mfano wangu ni familia hiyo hiyo ya Diamond Platnumz. Sina chuki naye, Naseeb Abdul kijana wa Tandale kufika alikofika ni jasho, anayebisha abishe. Namtumia yeye kwa sababu ndo familia ambayo hata bibi asiyejua bongo fleva ni kitu gani anaweza kukutajia wazazi wenza wote kwa mfuatano bila kukosea. Watoto wenyewe sitawataja majina humu. Mnayajua, na kwamba mnayajua ni sehemu ya malalamiko yangu.

Wa kwanza, wa kike, kazaliwa Agosti 2015, mama yake Zari Hassan, mfanyabiashara Mganda anayeishi Afrika Kusini. Mtoto mchanga kabisa kashafunguliwa akaunti ya Instagram, sura ikafichwa kwanza, nchi nzima ikawa inasubiri sura ya kichanga kama tunasubiri matokeo ya kidato cha nne, ilipokuja kufunuliwa ikawa shangwe. Wakati ule tulicheka tukasema ni mapenzi ya baba kijana kapata mtoto, na inawezekana yalikuwa mapenzi kweli. Ila ndo siku ambayo watu waliambiwa huyu mtoto ni wenu wote, na ukishawaambia watu hivyo hawakurudishii hata ukibadilisha mawazo.

Desemba 2016 akaja wa kiume. Agosti 2017 akazaliwa mwingine wa kiume, mama yake Hamisa Mobetto, na hapa naomba tukae kidogo.

Kwa huyu mtoto mjadala ulianza akiwa tumboni. Mimba ya nani, sio ya nani, kwa nini hasemi, kwa nini anasema nusu nusu. Kazaliwa, ikaanza kazi ya kulinganisha picha, kichanga upande huu, msanii upande ule, watu wazima na akili zao wanapima paji la uso la mtoto asiyejua hata kugeuka kitandani. Mpaka Septemba, Diamond akaingia studio za Clouds FM akakiri hewani kwamba mtoto ni wake. Sasa hebu litazameni hilo taratibu, wakubwa. Jambo ambalo kwa desturi zetu linakaliwa kikao, wazee wa huku wanaenda kwa wazee wa kule, kuna kuombana radhi, kuna jina linatolewa, kuna bibi anapelekewa mjukuu amuone, hilo jambo taifa zima limelisikia redioni kwa pamoja, mafundi seremala, kina mama sokoni, madereva wa bodaboda, wote wamejua baba wa mtoto kabla mtoto hajajua kukaa. Na kilichofuata kilimhusu mtoto? Hata kidogo. Ikawa Zari atafanyaje, Hamisa kamtega, mwanaume kakubali hongera zake. Mtoto alikuwa kielelezo tu kwenye kesi ya wakubwa.

Na kesi yenyewe ikaja. Hamisa akaenda Mahakama ya Watoto pale Kisutu kudai matunzo, na ni haki yake kabisa, mwanamke yeyote aliyewahi kufukuzana na matunzo anajua hakuna anayeenda kule kwa starehe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wazi kwamba mahakama ile mambo yake yanasikilizwa faragha. Waliotunga waliona mbali, mtoto asije akakua akakuta maisha yake yamesomwa barazani. Haya, mlango wa mahakama umefungwa, ila nje kamera zimejipanga, na jioni mpaka kiasi cha hela kinachodaiwa kwa mwezi kinajulikana Kigoma. Sasa ile faragha ilikuwa ya nini, kuzuia mbu?

Tarehe 14 Februari 2018, siku ya wapendanao, Zari akaposti kwamba basi, kamaliza. Yule mama alisema kitu kimoja cha maana sana ambacho hakuna aliyekishika, alisema wanaachana kama wapenzi ila sio kama wazazi. Vituo vyote vikachukua nusu ya kwanza ya ile sentensi vikakimbia nayo. Nusu ya pili ndo ilikuwa inawahusu watoto, ikabaki pale pale.

Oktoba 2019 Tanasha Donna wa Kenya naye kajifungua, mtoto kazaliwa tarehe 2, siku ile ile aliyozaliwa baba yake, tukafurahi wote. Mtoto hata mwaka hajafikisha wazazi wameachana, na mjadala ukahamia Nairobi, huko nako wana vipindi vyao vya asubuhi, sihitaji kueleza.

Afu ikaja Januari 2021, na hii ndo iliyonifanya nianze kuwafikiria nyie badala ya mastaa. Mama mzazi wa Diamond akaongea Wasafi FM, redio ya mwanae mwenyewe, akasema yule mzee ambaye miaka yote tumemjua kama baba yake sio baba mzazi, baba mzazi ni mwingine na alishafariki. Mimi sipo hapa kuhukumu nani kasema kweli, mama ana yake moyoni na yule mzee ana yake, wala sio kazi yangu. Nauliza kitu kimoja tu, wale wajukuu. Asubuhi moja watoto wamebadilishiwa babu hewani, na babu mwenyewe ni mtu mzima ana majirani, ana msikiti wake, anatoka nje anakuta kila mtu kashika simu anamwangalia. Wazee wetu walikuwa na msemo, kitanda hakizai haramu, na hawakusema vile kwa sababu walikuwa wajinga wa kuhesabu miezi. Walihesabu vizuri tu. Walisema hivyo ili mjadala ufungwe, mtoto apate jina, aende akacheze na wenzie. Sisi tumechukua ule mjadala tukaupa mdhamini.

Mwezi huo huo, Januari 2021, nyie TCRA mlikuwa macho kabisa, mlikuwa kazini. Mliifungia Wasafi TV miezi sita kwa sababu kwenye tamasha la mwaka mpya walirusha laivu msanii wa kike aliyevaa vazi lisilo na staha. Miezi sita! Mlikuja kupunguza baadaye, wakarudi hewani Machi. Sibishani na adhabu, labda ilistahili labda haikustahili, ila jamani, familia ile ile, nyumba ile ile ya utangazaji, mwezi ule ule, nguo ya mtu mzima aliyejivalisha mwenyewe ikapewa nusu mwaka, na lile la babu mbona sikuona hata karipio la kwenye karatasi?

Na haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2018 Waziri Mwakyembe alisimama bungeni akasema Diamond kahojiwa na polisi kwa video alizoposti Instagram akiwa na mwanamke, na msanii Nandy naye kaitwa kwa video yake iliyovuja. Busu la watu wazima, polisi. Ila miezi michache nyuma kichanga kilikuwa kinapimwa masikio nchi nzima na hakuna waziri aliyesimama. Ndo maana nasema macho mnayo, mmeyaelekeza pabaya. Mnatafuta ngozi. Mtoto akivaa vizuri, kapendeza, kakaa kwenye kiti na sweta lake, basi kwenu hapo hamna tatizo, hata kama kinachosemwa juu ya kichwa chake ni kumtoa kwenye ukoo.

Kanuni zenu za maudhui zinataka vitu vya watu wazima vipelekwe usiku mwingi watoto wakiwa wamelala. Vizuri. Sasa nani ameamua kwamba "huyu mtoto sio wake, kapime DNA" ni maudhui ya asubuhi watoto wakiwa likizo nyumbani wanasikiliza na mama zao jikoni? Mnajua kinachoendelea mitaani? Watoto wetu hawa wa kawaida wanaigizana. Mwanangu wa kati alirudi siku moja ananiuliza "mama, mimi baba alinikubali hewani?" anacheka, kwake ni mchezo, kausikia shuleni. Nilicheka nikaendelea kupepeta mchele. Lakini kwenye lile darasa kuna mtoto ambaye baba yake kweli hajulikani, na utani ule umemfikia, na wala sio mtoto wa staa yule.

Najua jibu la kwanza, nimeshalisikia mpaka basi, "wazazi wenyewe ndo wanawaanika". Kweli. Wanaanika. Wimbo unatoka wiki ile ile ya timbwili, mtoto anapostiwa kwenye dili la nepi, siku ya kuzaliwa ya mtoto inakuwa na wadhamini wengi kuliko ligi ya wilaya, na ugomvi wa matumizi unamalizwa kwenye insta story badala ya simu. Mwaka 2022 Zari na Diamond walikuwa mpaka kwenye kipindi cha Netflix cha mastaa wa Afrika, dunia nzima ikaona wanavyokutana na kutofautiana. Kiki inalipa, hilo mtoto wa darasa la pili analijua. Lakini nyie ni serikali, sio marafiki wa familia. Tangu lini mzazi akikubali ndo imeisha? Mzazi akikubali binti wa miaka 13 aolewe mnamwambia haya endelea, si baba amekubali? Mzazi akimtoa mtoto shule akauze karanga si mnakuja na mgambo? Mbona kwenye hili ruhusa ya mzazi imekuwa hati miliki? Sheria ya Mtoto inasema maslahi bora ya mtoto ndo yatangulie kwenye kila uamuzi unaomhusu. Sikuona pale pameandikwa isipokuwa mtoto wa msanii.

Sheria hiyo hiyo inasema mtoto ana haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa damu na ndugu zake. Anayejua ni YEYE. Haikusema haki ya wasikilizaji kujua. Na kama kuna ubishi wa uzazi njia ipo, unaenda mahakamani, mahakama inaweza kuamuru vipimo, Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya vinasaba na tuna sheria ya vinasaba toka 2009, huwezi tu kuamka ukaenda na nywele za mtoto dirishani, kuna utaratibu wa nani aombe, kupitia mahakama, kupitia ustawi wa jamii na wengine waliotajwa. Yaani nchi ilikaa ikajenga njia nzima ya kimya kimya ya kumalizia haya mambo, afu nyie mnaruhusu njia ya mkato ipite studio.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sasa nakuja kwenu, msidhani nimewasahau. Sheria yenu ni ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na Tume mkazinduliwa rasmi na Rais Aprili 2024. Tumeona semina, tumeona mabango, mmewafukuza watu wajisajili, hongereni. Mimi nimeisoma sheria yenu, kwenye orodha ya taarifa nyeti mmeweka taarifa za vinasaba na mmeweka taarifa za watoto. Kwa hiyo DNA ya mtoto ni nyeti mara mbili, kwa maneno yenu wenyewe. Halafu mtu anakaa na maiki anasema "tuna majibu ya DNA hapa, baada ya tangazo tunawapa" na kifungu chenu kinalala. Wanasheria wenu wataniambia habari ni habari, kuna uhuru wa vyombo. Uhuru naupenda, na najua hiki ninachoomba kinaweza kutumiwa vibaya na mkubwa mmoja kuficha ya kwake. Kwa hiyo nakiweka kiwe kidogo kabisa, mtoto chini ya miaka 18 na swali la nani kamzaa. Hamna siri ya serikali hapo. Hamna ufisadi unafichwa kwenye pua ya mtoto.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia. Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda data iliipiga faini shule moja ya Nairobi shilingi milioni 4.55 za kwao kwa kuposti picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Picha tu, za shule, watoto wamevaa yunifomu wanatabasamu, hakuna hata neno baya. Na mmoja wa hawa watoto ninaowazungumzia mama yake ni wa huko huko Nairobi. Inamaanisha akiwa kwa mama yake kuna ofisi imeshaonyesha inaweza kumtetea kwa picha ya darasani, akivuka Namanga kuja kwa baba tunampokea na kipindi.

Kuna kitu kingine naomba nikiseme haraka maana kinaniuma. Angalieni nani anabeba matusi humu. Wema Sepetu, Miss Tanzania 2006 na mpenzi wa zamani wa Diamond, amesimangwa miaka na miaka kwa kutokuwa na mtoto, mpaka amesimama mwenyewe kueleza maumivu yake ya kutafuta mtoto. Hamisa akasimangwa kwa kuwa na mtoto. Zari akasimangwa kwa kuwa na watoto wengi na umri wake, eti bibi, eti kaja na watoto wake. Tanasha akaambiwa kajipeleka. Kila mwanamke kaonekana ana kosa na makosa yenyewe yanapingana. Baba yeye anahojiwa akiwa amevaa miwani ya jua anacheka na mtangazaji. Na mtoto wa kiume anayekua akisikia mama yake anaitwa hivi mbele za watu, sijui mnategemea atakuja kuwaheshimu wanawake gani. Hamisa kaolewa Februari 2025 na Aziz Ki, mchezaji, harusi nzuri tu watu tumeiona, na siku hiyo hiyo bado kuna kurasa zilikuwa zinahangaika na mtoto atajisikiaje, atamuita nani baba. Muacheni mtoto aamue mwenyewe atamuita nani nini, si kinywa ni chake.

Hela. Hapa napita haraka ila msipite. Mtoto anapotokea kwenye tangazo, hela inaenda wapi? Ukimuajiri mtoto kiwandani mnakuja na difenda, akifanya tangazo la juisi kwenye ukurasa wa mama yake wenye wafuasi mamilioni mnasema ni maisha ya kifamilia. Anaposti mzazi, analipwa mzazi, anayeishi na ile picha mpaka uzee ni mtoto. Wizara, hili ni lenu, waiteni mameneja na makampuni mezani, kuwe na akaunti ya mtoto ambayo mzazi haigusi. Sio jambo la ajabu, ni hela tu.

Ninachoomba, TCRA, ni kwamba Kamati ya Maudhui itoe tamko moja, fupi, lenye adhabu. Kujadili uzazi wa mtoto hewani au mtandaoni kwenye chombo chenye leseni yenu kuwe na uzito ule ule mnaoupa uchi. Mkisema nguo ni miezi sita basi na hili liwe miezi sita, mkisema ni onyo basi na nguo iwe onyo, mchague wenyewe ila kipimo kiwe kimoja. Leseni mnatoa nyie, mnajua namba zao, mnajua ofisi zao, mkitaka kumpata mtu huwa mnampata, tumeona. Mzazi akija na mtoto studio, sawa, aimbe, acheze, aseme anapenda chipsi. Mtangazaji akiuliza "eti ni kweli wewe sio..." maiki ikatwe pale pale na prodyuza awajibike. Maprodyuza nawajua, wakijua wanaokatwa mshahara ni wao kesho asubuhi tu mada inabadilika.

Kwenu Tume, wekeni njia ya kufuta. Sheria inatoa haki ya kuomba taarifa zifutwe, ila niambieni nani anamuombea mtoto pale ambapo aliyeposti ni mama mwenyewe au baba mwenyewe? Atumwe nani, shangazi? Mwalimu? Afisa ustawi wa jamii? Hapo sheria yenu inahitaji mwongozo na mnaweza kuutoa bila kusubiri bunge. Na akifika miaka 18 mwenyewe akaja na orodha yake ya video anazotaka ziondoke, asiambiwe alete barua ya mzazi. Mtoto aliyezaliwa 2015 sasa hivi anajua kusoma, wakubwa. Anajua kuandika jina lake kwenye simu akabonyeza kutafuta. Hatuongelei siku za mbele huko, hizo komenti za 2017 zipo, hazijafutwa, na wapo wadogo zake wanajifunza a e i o u.

Wizara, namba 116 ya kuripoti ukatili wa watoto ni kitu kizuri mno na ni bure. Wafundisheni wanaopokea kwamba na hili ni ukatili, asije mtu akapiga kuripoti kipindi akaulizwa "mtoto amepigwa? amechomwa moto?" afu akikata simu kipindi kinaendelea.

Na nyie mabosi wa vituo, kwenu sina sheria ya kuwapiga nayo, nina swali. Wengi wenu mna watoto, na wengine, tuongee ukweli mjini hapa tunajuana, mna watoto nje ya ndoa ambao mmewalinda vizuri, wanasoma shule nzuri, hakuna mtangazaji wenu aliyewahi kuthubutu kuwagusa. Mnajua kabisa jinsi ya kumkinga mtoto na maiki. Mnaijua kazi hiyo kuliko Tume.

Diamond na wazazi wenzie sijawaandikia barua, wana barua zao nyingi. Najua katikati ya yote haya kuna siku anaenda Afrika Kusini kuwaona wanae na wanacheka kama baba yeyote na wanae. Hayo yao. Mimi nina shida na nyie mnaolipwa kwa kodi ya kila vocha ninayokwangua.

Nakala hii naipeleka pia kwa mkono. Naomba tu mnijibu dirisha lipi, maana ninavyowajua TCRA mtaniambia taarifa binafsi ni Tume, Tume mtaniambia maudhui ni TCRA, Wizara mtaniambia niende ustawi wa jamii wa wilaya, na pale wilayani nitaambiwa afisa yuko semina. Kaeni ninyi watatu kwanza mkubaliane, nije mara moja.

Ni mimi msikilizaji wenu wa kila siku,
Mama wa watatu, Tabata.